Kila Tableti na Lugha Yake: Wahami wa Kasongo na Kabambare Wanastahili Kamusi Moja

KASONGO – Bunduki zikilia upande wa Salamabila, au machafuko yakivuka mpaka kutoka Fizi na Tanganyika, familia hushika njia ya Kabambare na Kasongo na mizigo kichwani. Kabla hazijapumzika, wenye tableti wanafika. Leo ni shirika la chakula, kesho la maji, keshokutwa la ulinzi wa watoto, wiki inayofuata ni watu wa zoni ya afya. Wote wanauliza mambo yaleyale: jina, kijiji, idadi ya watu nyumbani, umri wa watoto. Lakini kila mmoja anaandika kwa namna yake.

Orodha hizo zikifika ofisini na kuwekwa pamoja, hazielewani. Na orodha zisipoelewana, anayelipa si yule aliyetengeneza fishi. Anayelipa ni mama aliyesimama kwenye mstari tangu alfajiri, halafu anaambiwa jina lake halionekani.

Jibu linalotolewa siku zote ni moja: "Mama, ni shida ya kiufundi." Jibu hilo limechosha watu. Kasongo na Kabambare hazikosi programu wala tableti. Zinachokosa ni vitu viwili. Cha kwanza ni kamusi moja iliyoandikwa, inayosema kila neno la fishi lina maana gani. Cha pili ni chombo kinachoikataa fishi yoyote isiyofuata kamusi hiyo, kabla haijafika mkononi mwa mwandikishaji. Bila vitu hivyo viwili, kila uandikishaji mpya unaongeza fujo juu ya fujo.

Kabambare ipi?

Mfano wa kwanza ni majina ya mahali. Kabambare ni jina la wilaya nzima. Ni jina la mji mdogo ulio makao makuu ya wilaya hiyo. Tena ni jina la zoni ya afya, na zoni hiyo haienei wilaya yote, kwa sababu ndani ya wilaya ziko zoni tatu: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Basi fishi ikisema "familia 400, Kabambare", inasema nini? Msomaji aliye Kindu atafikiri ni mjini. Aliye Kinshasa atafikiri ni wilaya yote. Mganga mkuu wa zoni atafikiri ni zoni yake. Wote watatu wana haki, na wote watatu watapanga dawa na mahema kwa hesabu tofauti.

Salamabila nayo ina taabu yake. Katika karatasi za zoni ya afya huandikwa Saramabila, kwa r. Watu wengi, na ripoti nyingi pia, huandika Salamabila, kwa l. Kwa sikio la mtu wa Maniema ni mahali pamoja, pale karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kwa programu ni mahali pawili. Nusu ya familia inahesabiwa huku, nusu inahesabiwa kule, na kila upande unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Anayeangalia jedwali ili aamue gari liende wapi anaona vidonda viwili vidogo badala ya kidonda kimoja kikubwa.

Kasongo yenyewe haina nafuu. Ni mji, ni wilaya, ni zoni ya afya, na ndani ya wilaya ziko pia zoni za Kunda na Samba. Tena iko Kasongo-Lunda, mbali kabisa, mkoani Kwango. Katika orodha ndefu ya skrini majina hayo mawili yanakaa karibu karibu, na kidole kikiteleza familia ya Maniema inahamishiwa magharibi ya nchi bila kupanda gari.

Juma, Djuma na jina lililokatwa

Mfano wa pili ni majina ya watu. Uislamu na Kiswahili vina mizizi ya zamani Kasongo, tangu karne ya 19, na majina ya watu yanaonyesha hivyo. Lakini shuleni watu walifundishwa kuandika kwa mkono wa Kifaransa. Kwa hiyo mtu mmoja ni Juma kwenye kadi moja na Djuma kwenye nyingine. Mwajuma anakuwa Mwadjuma. Ramadhani anakuwa Ramazani. Asumani anaongezewa s ya pili. Shabani anaanza na Sh leo na Ch kesho. Hakuna aliyedanganya. Waandikishaji wawili wamesikia jina moja na kuliandika kwa kanuni mbili.

Halafu Wakongo wengi wana majina matatu: jina, jina la baada, na jina la ubatizo au la dini. Mpango huo ulishika nguvu tangu mwaka 1972, wakati wa Mobutu, serikali ilipopiga marufuku majina ya kigeni. Fishi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine huwa na nafasi mbili tu. Mwandikishaji anakata moja. Yupi anayekatwa? Huyu anakata la katikati, yule anakata la mwisho.

Baadaye ofisini programu inatafuta walioandikwa mara mbili. Kwa majina yaliyokatwa, watu wawili tofauti wanaonekana mmoja, na mmoja wao anafutwa. Kwa majina yaliyoandikwa tofauti, mtu mmoja anaonekana wawili, na anashukiwa kwamba amedanganya. Mhami ambaye karatasi yake ya uchaguzi iliungua na nyumba hana cha kuonyesha ili ajitetee. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 20 kwamba kila mtu ana haki ya kutambuliwa mbele ya sheria na kupewa hati anazozihitaji. Haki hiyo inaanzia hapa chini kabisa, kwenye nafasi ya kuandika jina.

Chungu kimoja au paa moja?

Mfano wa tatu ni neno "familia". Kasongo wahami wengi hawakai kambini. Wanakaa kwa jamaa, kwa marafiki, kwenye nyumba za watu waliowafungulia mlango. Tuseme Papa mmoja ana wake wawili na watoto tisa, na wote wamepokewa katika nyumba yenye watu saba. Ni familia ngapi? Fishi inayohesabu paa itasema moja. Fishi inayohesabu chungu, yaani wale wanaopika na kula pamoja, inaweza kusema mbili au tatu. Fishi inayohesabu mkuu wa familia itaandika Papa peke yake, na mke wa pili atabaki bila jetoni.

Maana yoyote kati ya hizo inaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kutumia zote tatu katika mtaa mmoja, mwezi mmoja, halafu kuzijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja.

Mfano wa nne ndio unaogusa uhai moja kwa moja. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono kwa utepe. Chini ya milimita 115, ana utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi kabla ya 125, ana utapiamlo wa wastani. Hesabu ni wazi. Lakini fishi moja inataka milimita, nyingine inataka sentimita, na nyingine haisemi kitu. Mwandikishaji anaandika 12. Kama ni sentimita, mtoto yuko kwenye hatari ya wastani na anatakiwa kufuatiliwa. Kama programu inasoma milimita, mkono wa milimita 12 hauwezekani, na jibu lake linatupwa kama kosa. Mtoto yupo, njaa ipo, kwenye jedwali hayupo.

Karatasi peke yake haitoshi

Wako watakaosema: maelezo yapo, kuna miongozo, kuna mikutano, kila shirika lina kitabu chake. Ni kweli. Lakini kitabu kisichofungwa pamoja na chombo ni kama sheria isiyo na polisi wala hakimu.

Dunia ililipa ghali kujifunza jambo hili. Tarehe 23 Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha angani kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilichotumwa kwenye sayari ya Mars. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya pauni. Programu ya upande wa pili ilizisoma kama newtoni. Jambo la kushangaza ni kwamba hati ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa kwamba vipimo viwe vya metriki. Sehemu moja haikuifuata, hakuna chombo kilichosimama katikati na kusema hapana, na safari ya miezi tisa ikaishia pabaya. Kama wahandisi wa NASA na wenzao waliweza kupishana juu ya kipimo kimoja, fishi sita zilizotengenezwa na ofisi sita zitakubaliana vipi kwa nia njema peke yake?

Watengenezaji wa programu walipata dawa. Waliacha kutegemea kumbukumbu za watu, wakafunga maelezo pamoja na kazi yenyewe. Kiko chombo kinachoitwa Doxygen, kinachotumika tangu mwaka 1997. Kinasoma programu na kutoa kitabu cha maelezo kutoka ndani yake. Kinaweza kupangwa ili sehemu yoyote isiyo na maelezo ihesabiwe kuwa kosa, na kazi isimame hapo hapo. Aliyeandika sehemu hiyo hawezi kusema "nitaeleza kesho". Mlango haufunguki mpaka aeleze leo. Hivyo ndivyo watu mia moja wasiofahamiana wanavyotengeneza programu moja yenye sehemu nyingi, na sehemu hizo zikaelewana.

Fishi za tableti nazo ni programu. Nyingi hutengenezwa kwa KoboToolbox, mfumo ulioanzia Harvard Humanitarian Initiative, au kwa mifumo inayofanana nao. Mtengenezaji anajaza jedwali: aina ya swali, jina la swali, maneno yatakayosomwa, maelezo ya kumsaidia mwandikishaji, na masharti ya jibu. Yaani nafasi ya kamusi tayari ipo ndani ya fishi. Nafasi ya maelezo ipo, mara nyingi inaachwa tupu. Nafasi ya masharti ipo, inaweza kukataa mkono wa milimita 12 pale pale mbele ya mtoto, mwandikishaji akapima tena. Majina ya mahali yanaweza kuvutwa kutoka faili moja yenye namba za utambulisho, badala ya kila mtu kuandika kwa kidole chake.

Mfumo huo unakataa fishi ambayo swali lake linataja orodha ya majibu isiyokuwepo. Lakini hauwezi kujua peke yake kwamba Saramabila na Salamabila ni mahali pamoja, wala kwamba "familia" ya fishi hii si "familia" ya fishi ile. Hilo lazima aambiwe na wenye nchi. Hata alama za kuelewana zipo: utaratibu wa HXL, unaoendelezwa chini ya ofisi ya Umoja wa Mataifa ya OCHA, unaweka chini ya kichwa cha kila safu alama inayoanza na # ili jedwali la shirika hili lisomeke na la shirika lile, na kuna vyombo vya kukagua kama jedwali limefuata kanuni. Vifaa vyote vipo, na vingi ni vya bure. Kilichokosekana ni mwenye mamlaka wa kusema: hapa Kasongo na Kabambare, fishi isiyopita ukaguzi haiingii.

Vituo vya afya vimeonyesha njia

Asije mtu akasema Kongo haiwezi. Wizara ya Afya inatumia DHIS2, programu iliyotengenezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya ripoti za vituo vya afya vya zoni zote 519 za nchi. Ndani yake kila kituo na kila zoni ina alama yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 11, ambayo haibadiliki hata jina likiandikwa kwa r au kwa l. Kuna nafasi ya kueleza kila kinachohesabiwa, na kanuni za kukagua zinazoonyesha hesabu isiyopatana na nyingine. Mfumo huo una mapungufu yake: umeme, intaneti, ripoti zinazochelewa. Lakini mwuguzi wa Lusangi na mwuguzi wa Samba wanajaza ripoti moja, kwa maana moja.

Kama malaria inaweza kuhesabiwa kwa kamusi moja kutoka Kasongo hadi Kinshasa, kwa nini mhami ahesabiwe kwa kamusi sita ndani ya mtaa mmoja?

Sababu zinazotolewa

Ya kwanza ni haraka. Watu wana njaa, hakuna muda wa kamusi. Hoja hii inageuza mambo juu chini. Kamusi haitengenezwi siku ya dharura, inatengenezwa sasa, kabla. Na dharura ya Kabambare si mgeni. Wahami wamekuwa wakija na kurudi kwa miaka. Kinachopoteza muda ni kuandikisha watu walewale mara tatu kwa sababu orodha mbili za kwanza hazikusomeka.

Ya pili ni wafadhili. Kila mfadhili ana fishi yake na anataka majibu yake. Vema, aongeze maswali yake. Lakini maswali ya msingi, yaani jina, mahali, familia, umri na kipimo, yasiguswe. Mgeni anaweza kuleta kiti chake nyumbani kwa mtu. Haruhusiwi kubomoa ukuta.

Ya tatu ni intaneti. Ukaguzi wa fishi haufanyiki chini ya mwembe. Unafanyika ofisini, mara moja, kabla fishi haijawekwa kwenye tableti. Baada ya hapo tableti inafanya kazi bila mtandao kama kawaida.

Ya nne ina uzito kuliko zote: usalama. Katika eneo ambako Mai-Mai Malaika na makundi mengine yamebeba silaha, orodha ya nani katoka wapi inaweza kuua. Juni 2021 Human Rights Watch iliripoti kwamba taarifa za Warohingya zilizokusanywa Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kamusi si orodha ya majina. Kamusi inasema neno "familia" maana yake nini, haisemi familia ya nani iko wapi. Mashirika yanaweza kushirikiana maana bila kushirikiana majina. Tena kamusi nzuri itaandika pia nani anaruhusiwa kuona jibu gani, na swali gani halitakiwi kuulizwa kabisa. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda taarifa za mtu binafsi. Fishi inayouliza kabila bila kueleza kwa nini inapaswa kukataliwa mlangoni kama ile isiyotaja kipimo.

Nani afanye nini

Wasimamizi wa wilaya za Kasongo na Kabambare, pamoja na waganga wakuu wa zoni zote sita, wanaweza kukaa meza moja na mashirika na komite za wahami na kuandika kamusi ya kurasa chache. Iandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Iwe na faili moja ya vijiji, kila kijiji na namba yake, na majina yote yanayotumiwa na watu yaelekezwe kwenye namba hiyo. Atakayesema Salamabila aeleweke, na atakayeandika Saramabila aeleweke. Majina ya watu yapewe nafasi tatu, na yanakiliwe kutoka kwenye karatasi kama karatasi ipo. Iandikwe nani ni familia, na mke wa pili asisahauliwe. Kila kipimo kiwe na jina lake.

Kamusi hiyo iwe na tarehe na namba ya toleo, na mtu anayejulikana wa kuitunza. Fishi yoyote ipite kwenye ukaguzi kabla ya ruhusa ya kuandikisha. Ruhusa hiyo tayari huombwa kwa wakuu wa mahali, basi ipewe meno. Na maana hizo zisomwe redioni, kwa Kiswahili cha watu, ili mama wa kijijini ajue kabla ya kuulizwa.

Wakati huo wa kusubiri, familia zina haki ya kuuliza maswali manne mwenye tableti anapofika. Moja: mnahesabu familia kwa chungu au kwa paa? Mbili: nisomee jina langu na kijiji changu kama ulivyoviandika. Tatu: jina langu litaonwa na nani? Nne: nikikosekana kwenye orodha, nilalamike wapi, na kwa namba gani? Anayeandikisha kwa heshima hatakasirika kwa maswali hayo. Asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kuandikisha mtu.

Kongo haijahesabu watu wake wote tangu sensa ya mwaka 1984. Kwa mtu aliyezaliwa Kabambare baada ya hapo, orodha ya wahami inaweza kuwa mara ya kwanza jina lake kuhesabiwa na mtu yeyote kwa ajili ya kupewa kitu. Angalau liandikwe sawasawa.